Kofi Moja na Oksijeni Nne

Shabani,

Leo sianzi na salamu. Salamu hupewa mtu ambaye moyo umetulia juu yake, na wangu haujatulia tangu siku ile uliporudi kutoka stendi ya Kibiti shati limechanika begani, ukaniomba sindano na uzi kana kwamba umekwaruzwa na msumari. Kijana mliyempiga bado yuko wodini. Haijulikani kama atapona. Na wewe kesho alfajiri unapanda basi kwenda depo kufundishwa uaskari. Mambo hayo mawili hayakai pamoja kichwani mwangu. Ndiyo maana nimevuta kigoda hapa uani, jua bado liko juu ya paa la jirani, wewe umekwenda kuaga rafiki zako, nami naandika mbiombio kabla hujarudi. Ukirudi nitakufokea, na mimi nikifoka watu husikia kelele tu, maneno hawayasikii.

Habari za soksi, za dawa ya malaria na za kutokopa sabuni za wenzio, shangazi yako amekwisha kukuimbia wiki nzima. Mimi nina neno moja la kuzungumza nawe, na neno lenyewe ni lako. Nilikuuliza, ulimpiga yule kijana? Ukanijibu kwa sauti ya mtu anayeonewa: "Mama, mimi nilimpiga kofi moja tu."

Sikukujibu. Uliingiwa na hofu, nilikuona, kwa sababu mama yako hajawahi kukosa jibu. Mimi ndiye mwalimu wa kemia niliyemfukuza mkaguzi maabarani kwa ufagio alipowasha sigara karibu na spiriti. Wanafunzi wananiita Madamu Asidi, wanadhani sijui. Lakini siku ile nilinyamaza, maana jibu lako nililisikia zamani likitoka kwenye vinywa vya watu waliomharibu baba yako.

Kisa cha baba yako umekipata vipandevipande, na vipande vingi umevipata kwa shangazi, ambaye hupenda kukitia chumvi. Leo kichukue kizima, kwangu.

Nilifika deltani, mto unapoingia baharini, nikiwa msichana wa Singida, barua ya ajira mkononi, viatu vya kisigino miguuni, wapumbavu wa mjini walivyonishauri. Shule ilikuwa na chumba kilichoandikwa MAABARA, ndani yake mbuzi wa mlinzi. Nikafundisha kemia kwa kile kilichopo. Tope lilikuwapo. Nilifinyanga madonge, nikayaunga kwa vijiti vya chelewa vilivyochomolewa kwenye ufagio, nikawaonyesha watoto atomu zinavyokaa. Baba yako alikuwa analima mpunga na kukata boriti za mikoko, na ndiye aliyeniletea lile tope kwenye ndoo. Alikuwa anacheka kuona mwanamke aliyesomeshwa na serikali anacheza na tope. Tukaoana bomani, mimi Mkristo wa bara, yeye Mndengereko wa kuswali, na watu wakasema ndoa haitamaliza masika mawili. Wakome.

Madonge yale na wewe umeyachezea. Donge kubwa katikati, salfa. Madogo manne kulizunguka, oksijeni. Matatu yanasimama chini kama mafiga, la nne liko juu. Hiyo ndiyo salfeti, na zipo nyingi za ukoo wake: fosfeti iliyo ndani ya mifupa yako, kaboneti iliyo ndani ya kombe la chaza, naitreti iliyo ndani ya mbolea ya kukuzia. Atomu moja katikati, oksijeni zimeizingira, na kundi zima linabeba chaji hasi. Wewe ulikuwa unazitafuna oksijeni. Nilikuwa nakuchapa, unatema, unatafuna tena.

Basi, sikiliza. Wanafunzi wote hukosea mahali pamoja. Ukiwaambia wachore salfeti, wanaweka oksijeni mbili zenye mistari miwilimiwili na mbili zenye mstari mmojammoja, kisha zile za mstari mmoja wanazibandika alama ya hasi. Wanaridhika: hizi mbili ndizo zenye chaji, zile mbili hazina neno. Hiyo ni picha ya ubaoni, imewekwa hivyo ili mtoto apate pa kuanzia. Waliopima kwa vyombo vyao wamekuta vifungo vyote vinne vina urefu sawasawa. Hakuna oksijeni yenye hasi yake mfukoni na nyingine iliyo safi. Chaji imetandazwa juu ya zote, na kwa kuwa imetandazwa, salfeti inatulia, haitafuti ugomvi na mtu. Mzigo ukienea hivyo hakuna anayeusikia. Nimelifundisha jambo hili miaka yote nikilipenda, nikiliona zuri. Siku hizi nikilifikia ubaoni mkono unasita.

Sasa mpunga. Shamba la baba yako lilikuwa linaliwa na maji ya chumvi. Kila bamvu likija, yale maji makuu ya mwezi, bahari inapanda kwenye kijito, inaingia majarubani, miche inageuka njano. Wenzake walikuwa wanasubiri mafuriko ya mto yaje kuisafisha chumvi. Mimi sikuwa mtu wa kusubiri. Nilimwambia, ewe mwanamume, bahari inaingia kwa sababu umeiachia mlango. Kata mikoko ile ya pembeni, piga tuta, ziba, ukaushe udongo vizuri upate hewa, kisha mvua iuoshe. Nilisema kama mtu aliyesoma. Akaniamini. Alikata, akachimba, akapiga tuta msimu mzima, viganja vikachubuka mpaka akawa hawezi kushika kijiko, na udongo ukakauka ukapasuka, tukafurahi.

Kumbe tulikuwa tunaamsha kitu. Maji ya bahari yamejaa salfeti. Chini ya mikoko hewa haifiki, na vijidudu vya mle topeni vinahitaji oksijeni kama sisi, basi huipokonya salfeti oksijeni zake hadi inabaki salfa imevuliwa nguo, ndiyo ile harufu ya yai viza unayoisikia maji yakitoka. Salfa hiyo inashikana na chuma kilicho udongoni, inalala. Mradi tope limefunikwa na maji, italala vizazi na vizazi. Ukilikausha, hewa inaingia, salfa inazirudia oksijeni zake zote nne, salfeti inazaliwa upya, na inazaliwa pamoja na asidi. Asidi ileile ya betri ya gari. Ndani ya shamba. Mimi, mwalimu wa kemia, niliona michirizi ya njano kwenye nyufa, nikasema ni uchafu.

Mvua za kwanza zikaja, zikaosha vizuri kama nilivyotabiri. Maji yakatoka shambani yakaingia kijitoni, na kijito kile ambacho siku zote ni rangi ya chai ya maziwa kikawa cheupe hadi unaona chini. Wanawake walikuja kukitazama, wakasema Mungu mkubwa. Kesho yake kambamiti walielea. Hongwe, wale samaki wa ndevu, wakaelea matumbo juu, mashavu yamewiva mekundu. Kaa walikuwa wanapanda miti kwa kuyakimbia maji. Watu wa vijumba vya chini wanaishi kwa kijito kile, hawana kingine. Na kule deltani samaki wakifa kwa wingi hapana anayefikiria udongo. Kuna watu humwaga sumu usiku wavune kambamiti kwa urahisi, na watu hao wanachukiwa kuliko wezi. Kijito kimekufa kuanzia kwenye tuta la nani? La yule aliyeoa mwalimu mwenye chupa za dawa.

Walimkuta asubuhi anaziba mahali tuta lilipobomoka. Mimi nilikuwa nyumbani, nikasikia sauti, nikajua. Sijui nilijuaje. Nilikimbia kwenye matope na wewe mgongoni kwenye mbeleko, Shabani. Ulikuwa huko. Hilo shangazi hakukwambia.

Walikuwa wamefanya duara. Nilikuwa nasikia kabla sijaona: sauti ya mti kwenye nyama, ambayo haifanani na sauti nyingine yoyote. Walikuwa na mipini ya majembe, na makasia, na mateke. Baba yako alikuwa amekaa chini, hajalala, amekaa, ameshika kichwa, anasema "sikilizeni, sikilizeni". Kuna mtu alikuwa anamshika mikono kwa nyuma ili kichwa kibaki wazi. Nilimrukia wa karibu nikamng'ata bega mpaka nikasikia ladha ya damu. Kasia moja lilipita juu ya kichwa changu, na mbeleko ikalegea, ukaanguka topeni, ukalia. Nadhani ni kilio chako kilichowakatisha. Duara likafunguka, watu wakaanza kutazamana, mmoja akaniokotea wewe, akanipa, akaniambia pole. Pole! Mikono yake ilikuwa inatiririka damu ya mume wangu. Nilitaka kumuua na bado nikisikia sauti yake naweza.

Baba yako alitoka masikio yote mawili hayasikii ila kelele na mguu mmoja umepinda. Ndiyo hali uliyomkuta nayo ulipoanza kuwa na akili, ukadhani alizaliwa hivyo.

Alipoanza kula tena, mimi nikaanza kuzunguka. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Sikwenda kulia, nilikwenda kuuliza: nani alimpiga la sikio? Kila mtu alinikaribisha, kila mtu alinipa kiti. Mmoja akasema, Mwalimu, mimi nilimpiga teke moja tu, tena la mguu. Wa pili fimbo moja, basi. Wa tatu alirusha tope. Mwingine akaapa kwa Mungu kwamba alisukumwa kwa nyuma ndipo mpini ukamgusa. Nikajumlisha, si ndiyo kazi yangu? Ukikusanya maungamo yote yale unapata mtu aliyeteguka kifundo. Hupati kiziwi na kilema. Sasa hayo mengine nani aliyafanya? Hakuna mtu kijiji kizima aliyekuwa anadanganya sana. Kila mmoja alikuwa anasema karibu na ukweli, na kila mmoja alilala usingizi, isipokuwa sisi.

Ndipo nilipofika kwa yule aliyemshika mikono. Hakuwapo. Alikuwapo mama yake, Bi Tatu, mwanamke aliyenikanda kwa maji ya moto nilipokuzaa wewe, kwa sababu mama yangu alikuwa mbali Singida. Akaniambia mwanawe hakupiga, alishika tu. Alishika tu. Nikampiga kofi.

Shangazi yako hukisimulia kisa hicho watu wacheke: Mwalimu alivyowatia adabu. Kicheke, lakini ujue mwisho wake. Bi Tatu aliangukia kinu. Nyonga ikavunjika. Hakutembea tena ila kwa kujikokota, na aliishi miaka mingi. Kofi lile halikumwuma mwanawe hata kidogo, wala halikumrudishia baba yako sikio. Nilikuwa na hasira ya watu wote wale, nikaitua juu ya shavu la mtu mmoja aliyekuwa karibu. Ukiniuliza nilimpiga makofi mangapi, ni moja tu, nitaapa mahakamani.

Kisha nikafanya upumbavu mwingine. Nilichukua karatasi za litmasi shuleni nikaenda nazo kwenye mkutano wa kijiji. Niliwaambia watu, leo mtajua mume wangu hakumwaga sumu. Nikachovya karatasi ya bluu kwenye maji ya kijito, ikawa nyekundu mbele ya macho yao. Nikawaeleza tope, salfa, hewa, asidi, nikawa nafundisha kweli kweli, jasho linanitoka. Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza kwa upole tu: "Kwa hiyo ni tuta lake lililoua samaki?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ni yeye."

Nikaona nyuso zinalegea. Walikuwa wamepumua. Nilikuja na sayansi kumtakasa mume wangu, nikawatakasa wao. Nikapiga kelele, nikasema wazo la tuta lilikuwa langu, kukausha kulikuwa kwangu, basi njooni mnipige mimi, nimesimama. Hakuna aliyenyanyuka. Walikuwa watu wanyonge, wameinamisha vichwa, mmoja anakuna kisigino. Palipokosekana duara hapakuwa na mpigaji. Tukahama, tukaja hapa Kibiti, na tuta bahari ikalila.

Sasa nikurudie wewe. Najua utasema, Mama, yule alikuwa mwizi, na baba hakuwa na kosa. Lakini baba yako aliwaulia watu chakula chao, kwa mikono yake na kwa akili yangu. Kosa lilikuwapo. Mnaopiga hamkosi kosa la kushika, hata siku moja. Mimi sibishani nawe juu ya simu aliyoiba yule kijana. Nabishana nawe juu ya hilo neno "moja tu". Unalitumia kama wanafunzi wanavyochora: hasi wanazibandika kwenye hizi, hizi nyingine zinabaki safi. Hakuna sehemu yako ndogo ya kile kipigo, Shabani, ambayo ungeweza kuikata ukaiweka kando ukasema hii ndiyo yangu, pimeni. Mlikuwa kundi, na chaji ni ya kundi zima, na kila aliyekuwa kwenye duara ameibeba yote. Ungependa ihesabiwe kwa kugawanya, lakini haigawanyiki hivyo.

Na mahali unapokwenda ndipo ninapoogopa zaidi. Utavaa gwanda, utapewa rungu, utasimama mstarini na wenzako, wote mmefanana. Kufanana si ubaya. Pamanganeti ya zambarau, ile dawa ya kuoshea vidonda, ina umbo lilelile la salfeti, oksijeni nne na mafiga yake. Lakini salfeti unaweza kuiacha na sukari kabatini mwaka mzima. Pamanganeti ukiikutanisha na kitu kinachoungua, inakaa kimya, watoto wanaanza kukucheka, halafu moshi, halafu moto. Niliwahi kuunguza nyusi zangu hivyo. Tofauti iko kwenye atomu ya katikati, imevuliwa elektroni zake mno, ina njaa. Sina hofu na gwanda. Nina hofu na hicho ulicho nacho katikati, kwa sababu nimekipa mimi. Mkono wako ni mkono wangu. Nilikuchapa ukiwa mdogo kwa mambo ambayo baba yako angecheka tu, nikajiambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimelia hata hivyo.

Siku utakapokuwa mstarini, na mbele yenu kuna mtu ameanguka, na wa kulia kwako amempiga, na wa kushoto amempiga, na rungu lako linaonekana jipya kuliko ya wenzako, hakuna atakayekuamuru. Ndivyo ilivyo, mwanangu, mara nyingi hakuna anayeamuru. Wewe rudi nyuma hatua. Watakuita mwanamke. Waambie mama yako ni mwanamke na amewahi kumng'ata mtu mzima bega. Sina ushauri mkubwa kuliko huo.

Baba yako nimemweleza. Unajua huwezi kumnong'oneza. Ilibidi nimpigie kelele sikioni, "SHABANI ALIKUWA NDANI YA DUARA", na nyumba tatu zikasikia. Kama umeona jirani hakuitikia hodi yako leo asubuhi, ndiyo sababu. Alinitazama muda mrefu. Nilidhani hajasikia, nikataka kurudia, akaweka mkono juu ya mdomo wangu. Kisha akachukua sahani yake akaenda kula nje kwenye ngazi, na tangu siku hiyo anakula huko. Wewe unadhani ni joto.

Nami nimekuwa nikienda wodini kila mchana baada ya vipindi. Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza nakwenda kama nani. Kijana anaitwa Rajabu, wa huko Ngarambe. Mama yake yuko njiani, hajafika. Mikono yote miwili imefungwa plasta, maana alijikinga nayo, na uso umevimba hadi jicho moja halionekani. Siku zote nilimkuta amelala usingizi wa dawa. Leo alikuwa macho. Akaniuliza mimi nani. Nikasema, mimi ni mama wa mmoja wao.

Akaniuliza, "Yupi?"

Nikamwambia, yule aliyekupiga kofi moja. Nilitumia maneno yako, Shabani. Mungu anisamehe, nilitumaini kwamba atasema ah, yule si kitu, yule sina neno naye. Nilikwenda kukuombea nafuu kwa mtu aliyevunjwa.

Akasema, "Yule mrefu. Yule namkumbuka. Wengine siwakumbuki." Anaongea kwa shida, ilibidi niiname. Akasema, "Simu niliiba. Walikuwa wananiuliza tu iko wapi, wengine wanacheka. Nilikuwa naitoa mfukoni niwape. Ndipo yeye akanipiga, kwa mkono wake wa kulia."

Nikauliza, halafu?

"Halafu kila mtu akawa na mkono."

Nimeandika hayo jinsi alivyoyasema, sikuongeza. Nimekaa na maneno hayo tangu saa nane, na sina kemia ya kuyaweka ndani yake. Ulikuwa wa kwanza. Labda ulikuwa hujui. Labda ulisahau hapohapo, kama watu wa kule walivyosahau. Lakini yeye anajua, na sasa mimi najua, na ukifika mwisho wa karatasi hii utajua na wewe. Nimelia, nimekuchukia kwa muda, sitakuficha. Kisha nikakukumbuka ukilia topeni, hata meno hujaota yote.

Basi lako linaondoka saa kumi na mbili. Wodi ya wanaume wanafungulia wenye uji saa kumi na moja, na stendi haiko mbali na hapo. Hawezi kushika kijiko, lazima alishwe. Nimemwambia kesho sitakuja mimi, nitamtuma mwingine. Akauliza nani. Nikamwambia. Usiende kumwomba radhi, hana nguvu ya kukubeba na wewe. Nenda umlishe tu, umtazame usoni akimeza.

Rajabu alifumba jicho lake zima, akafikiri. Nilikuwa tayari kwa matusi. Akasema, "Aje. Ila anilishe kwa mkono wa kushoto."

Nilimwambia, mwanangu, wa kushoto si wa kumlishia mtu, ni haramu, ni wa chooni.

Akasema, "Najua."

Mama yako